Kwa nini kioo hupasuka ncha inapoinuliwa, wala si inapobonyezwa?

Mwalimu wa Maabara anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, na nina swali ambalo vitabu vyetu vya shule havinifikishi mbali. Vitabu vinasema kioo ni kitu kinachovunjika bila kupinda, na maelezo yanaishia hapo.

Mwezi uliopita nilipata ncha ya almasi yenye umbo la piramidi ya pande nne, iliyotolewa kwenye mashine kuukuu ya kupimia ugumu wa chuma. Niliifunga kwenye mkono wa wenzo, nikaweka chini yake kipande cha kioo cha dirisha chenye unene wa milimita 6, juu ya fremu yenye tundu dogo, ili niweze kukitazama kutoka chini kwa lenzi ya kukuzia huku taa ikimulika kutoka ubavuni. Mzigo niliupanga ili ncha ibebe uzito wa kilo 5.

Nilitazamia kwamba kioo kitapasuka mzigo ukishuka. Haikuwa hivyo. Mzigo ulipokuwa umetulia juu ya ncha, nilichoona ni kivuli cheusi chini yake, na mara mojamoja kimstari kinachong'aa ndani ya kioo, ambacho hakikufika kwenye uso. Nilipoanza kuinua mzigo taratibu ndipo nyufa nne zilipochomoza kutoka kwenye pembe za alama na kutambaa juu ya uso wa kioo. Mzigo ulipokaribia kwisha kabisa likatokea jambo la tatu: duara lenye mng'aro wa rangi kama ule wa ndani ya kombe la chaza likatanda kuizunguka alama, chini kidogo ya uso.

Nikabadilisha ncha, nikaweka gololi ndogo ya beringi. Hapo ilinibidi kuongeza mawe ya mizani mara kadhaa, lakini ufa ulipotokea ulitokea mzigo ukiwa bado unashuka, nao ulikuwa pete kamili iliyozunguka mahali gololi ilipogusa, bila mistari ya pembeni.

Kesho yake asubuhi nilipima tena zile nyufa nne za piramidi, nikakuta zimerefuka, ingawa hakuna mtu aliyekigusa kioo usiku ule. Wanafunzi wangu waliniuliza ni nguvu gani iliyozisukuma wakati ncha haipo tena. Sikuwa na jibu, na sikutaka kuwapa jibu la kubuni. Naomba mwenye ujuzi anieleze.

Mhandisi wa Maada anajibu:

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo ya mikono. Umeona kwa lenzi mambo ambayo wahandisi wengi husoma tu.

Nianze na gololi, kwa kuwa habari yake ndiyo ya zamani zaidi. Mwaka 1881 Heinrich Hertz, huyu huyu ambaye jina lake tunalisoma kila siku kwenye masafa ya redio, alikuwa kijana asiyezidi miaka 24 mjini Berlin, akijiuliza jinsi lenzi mbili za kioo zinavyobonyeana zinapogusana. Hesabu yake ilionyesha kwamba mguso wa vitu vya mviringo haubaki nukta. Unapanuka na kuwa duara dogo, na katikati ya duara hilo kioo kinabanwa kutoka kila upande. Kioo hustahimili sana kubanwa. Kisichostahimili ni kuvutwa. Mahali kinapovutwa zaidi chini ya gololi ni kwenye ukingo wa duara la mguso, ambako uso unanyoshwa kuelekea katikati kama ngozi ya ngoma inapokandamizwa kwa kidole. Hapo ndipo pete yako ilipoanzia. Ukikata kioo hicho wima utaona kwamba pete haishuki moja kwa moja, bali inatanuka kadiri inavyokwenda chini na kufanya umbo la pia, yaani koni. Ufa huo hadi leo unaitwa pia ya Hertz.

Pete inahitaji pa kuanzia. Mwaka 1913 mhandisi Inglis alikokotoa kwamba tundu jembamba lenye ncha kali huzidisha mkazo mara nyingi kwenye ncha yake, na muda mfupi baadaye A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi Farnborough, Uingereza, akaonyesha kwamba udhaifu wa kioo unatokana na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Alivuta nyuzi za kioo akazipima: uzi wenye kipenyo cha karibu milimita 1 ulikatika kwa mkazo wa takriban megapaskali 170, na uzi mwembamba wa mikromita 3 hivi ulivumilia takriban megapaskali 3,400. Kioo ni kile kile. Tofauti ni ukubwa wa mikwaruzo inayoweza kukaa juu yake. Kwa hiyo gololi haitengenezi mbegu ya ufa, inatafuta mbegu iliyopo tayari karibu na ukingo wa mguso. Ndiyo maana mzigo unaotakiwa hutofautiana kutoka kipande hadi kipande, hata kwa vipande vilivyokatwa kwenye bamba moja.

Ncha kali inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa, na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako. Ncha ambayo ni kali kweli inabeba mzigo wote juu ya eneo dogo mno, hata mkazo unapanda kupita kile ambacho kioo kinaweza kukirudisha kwa unyumbufu wake. Wengi hawaamini nikiwaambia, lakini chini ya ncha hiyo kioo hubonyea na kubaki kimebonyea, kama udongo wa mfinyanzi. Kanieneo inayofanya hivyo kwenye kioo cha dirisha ni gigapaskali 5.5 hivi, yaani zaidi ya mara 50,000 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Ile alama ya mraba uliyoiona ndiyo ushahidi wake, kwa sababu kitu chenye unyumbufu mtupu kisingebaki na alama. Tena, ncha inapobonyeza hivyo inazaa mbegu zake yenyewe za ufa ndani ya eneo lililobonyea; haitegemei mikwaruzo ya zamani.

Sasa lifikirie eneo hilo lililobonyea kama kabari. Kioo kilichosukumwa kando hakina pa kwenda, kwa hiyo kinakisukuma kioo kizima kinachokizunguka. Mzigo unapokuwa bado juu kuna nguvu mbili kwa pamoja: kabari inayotaka kupasua, na mzigo wenyewe unaoubana uso kuzunguka ncha na kuufunga. Ni kama watu wawili walioligandamiza gogo kutoka pande mbili wakati kabari imekwisha kupigiliwa ndani yake: maadamu wanagandamiza, gogo limetulia, wakiachia, linapasuka. Ukiinua mzigo, ule mbano unaondoka pamoja nao, lakini kabari haiondoki, maana kioo kilichobonyea kimebonyea moja kwa moja. Uso unabaki unavutwa, na nyufa zinatoka pembeni, ambako makali ya piramidi yameacha mbegu nzuri zaidi. Kimstari ulichokiona ndani kabla ya kuinua ni ufa wa kati, ambao huzaliwa chini ya kabari, mahali ambapo hata mzigo wenyewe unavuta badala ya kubana. Huo hukua mzigo ukishuka, na baadaye huungana na nyufa za juu na kufanya umbo la nusu ya sarafu iliyosimama wima ndani ya kioo.

Lile duara lenye rangi za chaza ni ufa wa ubavu. Kioo kilicho chini ya kabari kinajaribu kurudi juu, kabari inakizuia, na kati ya hivyo viwili kunatokea mvutano wa wima. Ufa unaanzia karibu na kitako cha kabari, unakimbia sambamba na uso, kisha unapinda kuelekea juu. Rangi unazoziona zinatokana na hewa nyembamba iliyomo ndani ya ufa, kwa kanuni ile ile ya rangi za mafuta juu ya maji. Ufa huo ukifika juu, kigaga cha kioo kinabanduka. Wasaga lenzi wanaishi kwa ufa huu, kwa sababu kila chembe ya msasa inabandua vigaga vidogo kwa njia hiyo hiyo.

Kwa wanafunzi wako, kuna hesabu wanayoweza kuijaribu. Nyufa za pembeni zikisharefuka vya kutosha kuipita alama, urefu wake kutoka katikati hufuata mzigo kwa kipeo cha theluthi mbili: ukizidisha mzigo mara 8, urefu unaongezeka mara 4. Kwa kilo 5 kwenye kioo cha dirisha, ninatarajia alama yenye upana wa kama sehemu ya saba ya milimita kutoka pembe hadi pembe, na nyufa zinazofika karibu robo ya milimita kutoka katikati.

Fundi Vioo wa Tanga anajibu:

Mwalimu na Mhandisi, nimesoma maelezo haya mara mbili, kwa kuwa yanaeleza kazi ambayo nimeifanya kwa miaka 22 bila kujua kilichomo ndani yake.

Watu wanadhani kikata kioo kinakata kama kisu. Hakikati. Kigurudumu chake kidogo kinachora mstari juu ya uso, na chini ya mstari huo unashuka ufa mmoja ulionyooka. Huo ndio nadhani Mhandisi anauita ufa wa kati. Baada ya hapo fundi anaweka kioo juu ya ukingo wa meza, au juu ya kijiti, anakandamiza pande zote mbili, na ufa unamalizia safari yake hadi upande wa pili. Kazi ya kigurudumu ni kuuonyesha njia.

Mwanagenzi anapoanza, kosa lake la kwanza ni kukandamiza kwa nguvu. Anaona mstari mweupe, mnene, wenye unga, anafurahi akidhani amekata vizuri. Mstari mzuri hauonekani mweupe. Ni kama unywele, unaonekana tu ukiuinamisha kwenye mwanga, na sauti yake ni ya kuendelea, kama kitambaa kinachochanika polepole. Mstari ukiwa mweupe, vigaga vinaanza kuruka vyenyewe kandokando yake, wakati mwingine hata dakika kadhaa baada ya kikata kuondoka, na hapo ndipo vinapoingia machoni mwa watu. Sasa ninaelewa kwamba ule weupe ni nyufa za ubavu.

Kuna jambo lingine ninalotaka kuuliza. Aliyenifundisha alikuwa akisema mstari uliochorwa lazima uvunjwe hapo hapo, usiachwe ulale. Mwaka wangu wa pili nilichora kioo kikubwa cha kujitazamia cha saluni, nikaenda kula, nikakaa muda mrefu. Niliporudi nikavunja kama kawaida. Ufa ukafuata mstari hadi nusu, kisha ukauacha na kukata kona. Nililipa kioo kile kwa mshahara wa wiki mbili, na tangu siku hiyo sijaacha mstari ulale. Lakini kwa nini iwe hivyo, ikiwa Mwalimu anasema nyufa zake zilirefuka usiku? Ningedhani mstari uliolala ungekuwa na ufa mrefu zaidi na kuvunjika kwa urahisi zaidi.

Mkemia wa Morogoro anajibu:

Fundi, swali lako na la Mwalimu kuhusu usiku yana mzizi mmoja, nao ni maji.

Kioo cha dirisha kimejengwa kwa mtandao wa atomu za silikoni zilizounganishwa kwa oksijeni. Kwenye ncha ya ufa, viungo hivyo vimenyoshwa karibu na kikomo chake. Katika mahali pakavu kabisa vingeweza kukaa hivyo kwa muda mrefu mno. Lakini hewa ina unyevu, na molekuli ya maji ni ndogo kiasi cha kuweza kuingia hadi kwenye ncha yenyewe. Inapofika kwenye kiungo kilichonyoshwa, inajigawa: kila upande wa kiungo unapata kundi la oksijeni na hidrojeni, na daraja lililokuwapo kati ya silikoni mbili linakatika. Ufa unasogea hatua moja ya atomu, ncha mpya inanyoshwa, na molekuli nyingine inaingia. Mwaka 1967 Wiederhorn, nchini Marekani, alipima jinsi kasi ya ufa katika kioo cha dirisha inavyobadilika kulingana na unyevu wa hewa, na mwaka 1982 Michalske na Freiman wakaeleza hatua hizo za kikemia kama nilivyozisimulia.

Inafaa kutaja kasi zenyewe, kwa kuwa tofauti yake inastaajabisha. Ufa uliopewa nguvu kamili hukimbia ndani ya kioo kama kilomita moja na nusu kwa sekunde, na hapo maji hayawezi kuufuata. Ufa huo huo, ukiwa na nguvu pungufu ya ile inayohitajika kuvunja, hutambaa kwa msaada wa unyevu polepole kiasi kwamba unahitaji usiku mzima ili uone badiliko kwa lenzi. Kwa hiyo, Mwalimu, nguvu iliyozisukuma nyufa zako ni ile kabari aliyoieleza Mhandisi, ambayo haikuondoka na ncha. Na aliyelainisha njia ni unyevu wa hewa ya chumba chako.

Kuhusu mstari uliolala, Fundi: chini ya kigurudumu kuna kabari ndefu, na hiyo ndiyo inayouweka ufa wako wima katika hali ya kuwa tayari kuendelea. Unyevu haukuzi ufa wa wima peke yake. Unakuza pia zile nyufa za ubavu. Nyufa za ubavu zikitambaa na kuinua vigaga, kabari inapata nafasi ya kupumua juu, na msukumo wake kwenye ufa wa wima unapungua. Ufa wako ulirefuka kidogo, lakini ulipoteza anayeusukuma, na ulipouvunja ulifuata mkazo wa mikono yako zaidi kuliko mstari. Hayo ndiyo maelezo ninayoyaona yanalingana na ulichokiona.

Mwalimu anaweza kulipima jambo la maji kwa urahisi. Adondoshe tone la maji juu ya kioo, abonyeze ndani ya tone hilo. Kisha afanye vivyo hivyo ndani ya tone la mafuta ya taa yaliyokaa pakavu, na alinganishe nyufa asubuhi.

Mtafiti wa Vioo anaongeza:

Maelezo ya Mhandisi ni sahihi kwa kioo cha dirisha, na ninayaunga mkono. Ninachoomba ni kwamba Mwalimu asiwaambie wanafunzi kuwa ncha kali hutoa nyufa za pembeni katika kila kioo, kwa sababu kuna kioo kinachokwenda kinyume.

Kioo cha silika tupu, kile kinachotumika kwenye mirija ya maabara inayostahimili joto kali sana, kina mtandao wenye nafasi wazi nyingi. Kikibanwa na ncha kali hakisukumi kando. Kinajikunja ndani ya nafasi zake na kuwa kizito zaidi kwa ujazo ule ule. Chini ya kanieneo kubwa sana kutoka pande zote, densiti yake inaweza kuongezeka kwa kama asilimia 20 na kubaki hivyo. Kabari ya namna hiyo ni dhaifu, kwa sababu imejipunguza yenyewe badala ya kuwasukuma majirani. Matokeo yake ni kwamba hata piramidi ya almasi mara nyingi hutoa pete na ufa wa umbo la pia katika silika, kana kwamba imeguswa na gololi.

Katika kioo cha dirisha nafasi hizo zimejazwa na sodiamu na kalsiamu, na mtandao wenyewe umekatwakatwa, kwa hiyo kioo kinateleza tabaka kwa tabaka na kusukumwa kando. Hicho ndicho kinachotia kabari nguvu. Watengenezaji wanaotafuta kioo kisichoingia ufa kwa urahisi wanacheza na mizani hiyo hiyo: kiasi gani kijikunje, kiasi gani kiteleze. Binafsi naona hili ndilo jambo lenye kuvutia zaidi katika mada nzima, kwa maana linaonyesha kwamba ukali wa ncha ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni jinsi kioo kinavyokubali kubonyea.

Dereva wa Masafa anauliza:

Samahani kwa kuingilia. Jiwe lilirushwa na lori lililonitangulia kwenye barabara ya vumbi, likaacha alama ndogo kama punje ya mtama kwenye kioo cha mbele. Gereji moja niliyopita waliniambia niiache, haina madhara. Wiki tatu baadaye, asubuhi ya baridi, nilimwagia kioo maji, na ufa ukakimbia kutoka kwenye alama hadi ukingoni. Je, ni habari hiyo hiyo?

Mhandisi wa Maada anajibu:

Ndiyo, ndugu, na pole sana. Jiwe butu huacha pia ya Hertz, inayoonekana kama duara. Jiwe lenye kona huacha nyota yenye mikono. Mara nyingi vyote viwili huja pamoja. Nyota ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu mikono yake ni nyufa zinazoelekea nje, na kila mmoja unangoja mvutano wa kuuongoza. Kwa wiki tatu unyevu ulikuwa ukiisogeza mikono hiyo polepole, na maji yalipobadilisha joto la uso ghafla, mkono mmoja ukapata nguvu iliyobaki. Alama ya namna hiyo inafaa kujazwa mapema, ikiwa bado safi na kavu: fundi hufyonza hewa iliyomo ndani ya ufa, huingiza gundi ya majimaji, kisha huigandisha kwa mwanga wa urujuanimno. Gundi huziba njia ya maji na kuushika ufa usifunguke.

Kioo chako cha mbele kilibaki mahali pake kwa kuwa ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa juu ya utando wa plastiki. Vioo vya milangoni kwa kawaida ni vya namna nyingine: vimepashwa moto na kupozwa ghafla, hivyo uso wake umebanwa kwa megapaskali 69 au zaidi, na ndani kunavutwa. Ufa mdogo wa juu unakuta mbano na kusimama. Ufa unaolipita tabaka hilo, ambalo lina kina cha kama moja ya tano ya unene wa kioo kila upande, unakuta mvutano unaoungoja, na kioo chote kinasambaratika kuwa punje. Ndiyo sababu Fundi hawezi kukikata kioo hicho kikishatengenezwa.

Mwanaakiolojia wa Nakuru anaongeza:

Naomba niongeze neno moja kutoka Bonde la Ufa, kwa kuwa huku tuna kioo kisichotengenezwa na mtu yeyote. Obsidiani ni kioo cha volkano, na karibu na Naivasha kinapatikana kwa wingi. Huko Olorgesailie, kusini mwa Kenya, zimepatikana zana za obsidiani zenye umri wa takriban miaka 300,000, na kwa kuwa mahali penyewe hapana obsidiani, mawe hayo yalibebwa kutoka machimbo yaliyo umbali wa kilomita 25 hadi 50 na zaidi.

Ukikishika kigae cha obsidiani kilichobanduliwa kwa nyundo ya jiwe, karibu na mahali pa pigo utaona uvimbe laini kama nusu ya kitunguu. Uvimbe huo ni kipande cha pia ya Hertz ambayo upande mmoja haukuwa na kioo cha kuikamilisha, kwa sababu pigo lilitua karibu na ukingo. Mchongaji alichagua nyundo ya mviringo na mahali pa kupiga, na kwa njia hiyo aliamua ufa uelekee wapi. Ninapowafundisha wanafunzi kutofautisha kigae cha binadamu na jiwe lililopasuka lenyewe, uvimbe huo ni mojawapo ya alama za kwanza ninazowaonyesha.

Mwalimu wa Maabara anarudi:

Ndugu zangu, ninawashukuru nyote kwa dhati. Nimerudia jaribio kwa siku nne pamoja na wanafunzi, wote wakiwa wamevaa miwani ya kukinga macho.

Tulibonyeza alama kumi ndani ya maji na kumi ndani ya mafuta ya taa, kwa kilo 5 zile zile, na kusubiri muda ule ule kabla ya kupima. Asubuhi nyufa za upande wa maji zilikuwa zimerefuka waziwazi, na tofauti ilionekana hata kwa mwanafunzi ambaye hakuambiwa ni upande upi. Za upande wa mafuta ziliongezeka kidogo tu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama mafuta yanagundisha ufa. Nilimweleza kwamba mafuta hayashiki kitu, ila yanayachelewesha maji yasifike.

Tulijaribu pia hesabu ya Mhandisi. Kwa kilo 1 na kwa kilo 8, urefu wa nyufa kutoka katikati ulitofautiana kwa karibu mara nne, ingawa kwa kilo 1 alama mbili hazikutoa nyufa katika pembe zote. Upana wa alama wenyewe haukuongezeka kwa kiasi hicho. Uliongezeka chini ya mara tatu. Hilo liliwachanganya wanafunzi mpaka mmoja wao akasema kwamba alama inafuata eneo, na eneo likiongezeka mara 8 upande unaongezeka kwa kipeuo cha pili cha 8 tu. Nilimwachia chaki aendelee kueleza.

Fundi, tuliazima kikata kioo na kuchora mistari miwili, mmoja kwa mkono mwepesi na mwingine kwa nguvu. Chini ya lenzi, ule wa nguvu ulikuwa umezungukwa na rangi zile zile za chaza kwa urefu wake wote, na ule mwepesi ulikuwa na ufa wa wima uliosafi. Tuliuacha ule wa nguvu ulale juu ya karatasi nyeusi. Usiku wa pili vigaga vitatu viliruka vyenyewe. Tulivikuta asubuhi pembeni mwa kioo, kila kimoja kikiwa chembamba ukingoni na kinene katikati, kama magamba ya samaki. Tumevibandika kwenye slaidi, na kidato cha nne wataanza kuvipima unene Jumatatu.